Mdaiwa Akikosa Awamu: Safari ya Makubaliano Kutoka kwa Chifu Hadi Mahakamani

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mikutano ya wakaazi, Kaunti Ndogo ya Sirisia



Mazungumzo ya leo yanahusu deni ambalo tayari limekubaliwa. Ugomvi umekwisha, watu wamepeana mikono, karatasi imeandikwa kwamba fulani atalipa kidogo kidogo kila mwezi. Halafu mwezi wa tatu unafika, pesa haziji, na simu haishikwi. Watu wengi wanajua namna ya kudai deni jipya. Deni lililokwisha kusuluhishwa na kuvunjwa tena huwachanganya, na hapo ndipo mali nyingi hupotelea.

Uchukuliwe mfano wa mama mmoja mkulima wa Namwela. Mfano umetungwa kwa ajili ya mazungumzo haya na wahusika wake hawapo popote, lakini hakuna atakayeuona mgeni. Desemba mama huyu aliuza gunia 40 za mahindi, za kilo 90 kila moja, kwa mfanyabiashara aliyekuja na lori kutoka Kitale. Bei ilikuwa shilingi 3,500 kwa gunia, jumla 140,000. Lori lilipakiwa jioni, na mnunuzi akasema atatuma pesa usiku huo huo. Januari shule zilifunguliwa na pesa hazijafika. Februari mfanyabiashara alionekana tena soko la Chwele, akaitwa, akakubali kwenda ofisini kwa chifu. Pale hakubisha deni. Wakaandika kwamba atalipa shilingi 20,000 kila tarehe 5 kwa miezi saba, kuanzia Machi. Wazee wawili walitia sahihi, chifu akapiga muhuri.

Machi alituma 20,000. Aprili akatuma 20,000. Mei zilifika 8,000 na ujumbe kwamba atamalizia kesho. Kesho hiyo haikufika. Kufikia Juni alikuwa amelipa shilingi 48,000, na 92,000 zilikuwa zimebaki.

Mama alirudi kwa chifu. Chifu alipiga simu mara tatu, haikushikwa. Mfanyabiashara anaishi Kitale, kaunti nyingine, na chifu wa Sirisia hana mkono wa kufika huko. Hata angekuwa jirani, sheria haimpi chifu uwezo wa kuuza mali ya mtu ili alipe deni. Kazi yake ilikuwa kuwaleta mezani, na aliifanya.

Majirani hawakukosa ushauri. Mmoja alimwambia aende kituo cha polisi. Mwingine alisema vijana watafutwe, wamngoje mfanyabiashara siku ya soko na kushikilia lori. Ushauri huu wa pili ndio mbaya kuliko wote, maana unaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa wa kesi ya jinai huku deni lake likisahaulika. Wa kwanza pia haufiki mbali. Deni lisilolipwa ni shauri la madai, na polisi si wakusanya madeni. Polisi huingia mahali palipo na kosa la jinai, kwa mfano mtu aliyepata mali kwa ulaghai tangu mwanzo, au aliyetoa hundi akijua akaunti haina pesa. Mtu aliyeahidi, akalipa kidogo, kisha akanyamaza, ni mdaiwa tu.

Je, ile karatasi ya chifu haina kazi? Ina kazi kubwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia nyingine za kutatua migogoro, zikiwamo maridhiano, usuluhishi na mila za jamii, mradi haki za watu zisivunjwe. Kwa hiyo hakimu hatamcheka mtu aliyeanzia kwa wazee. Karatasi ile ni mkataba. Tena ni ungamo: mdaiwa mwenyewe, mbele ya mashahidi, ameandika kwamba anadaiwa 140,000. Baada ya hapo hawezi kusema kirahisi kwamba mahindi yalikuwa mabovu au gunia zilikuwa 30.

Jambo ambalo karatasi hiyo haiwezi kufanya ni kumtuma dalali. Dalali wa mahakama huenda kwa mdaiwa akiwa na waranti. Waranti hutokana na hukumu, na hukumu hutokana na kesi yenye faili na nambari. Mama wa Namwela alikuwa na mkataba mzuri usio na nambari ya kesi. Ndiyo maana mtu anaweza kufika Mahakama ya Sirisia na karatasi yenye mihuri minne, akaambiwa na karani kwamba hakuna cha kutekeleza. Karani hamdharau. Anamwambia kweli.

Makubaliano hupata nguvu ya hukumu kwa njia chache. Iliyo rahisi zaidi ni pale ambapo kesi tayari iko mahakamani na wahusika wanaelewana katikati. Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010, katika Agizo la 25, zinamruhusu yeyote kati yao kuiomba mahakama iyaandike makubaliano hayo na kutoa hukumu kulingana nayo. Hiyo huitwa hukumu ya maafikiano. Njia nyingine ni usuluhishi unaosimamiwa na mahakama, ambao ulianza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016 kisha ukaenea. Makubaliano yanayotoka huko husajiliwa mahakamani na kutekelezwa kama hukumu, na hayakatiwi rufaa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 21, inasema pia katika kifungu cha 59D kwamba makubaliano ya faragha yaliyofikiwa kwa msaada wa msuluhishi aliyehitimu yawe ya maandishi, na yanaweza kusajiliwa na kutekelezwa na mahakama. Neno la kuangalia hapo ni "aliyehitimu". Mzee wa mtaa anaweza kuwa na busara kuliko wengi wenye vyeti, lakini asitegemewe kwa kifungu hicho.

Kwa asiye na lolote kati ya hayo, njia ni kufungua kesi akitumia yale makubaliano kama msingi wa dai lake. Ndivyo mama alivyofanya mwezi Julai. Alidai shilingi 92,000, hakudai 140,000, na hilo lilimpa heshima mbele ya hakimu. Alifungua Sirisia kwa sababu mahindi yaliuzwa na mkataba uliandikwa Sirisia, ingawa mdaiwa anaishi Kitale. Dai la kiasi hicho halina shida ya ukubwa. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hata hakimu mkaazi wa ngazi ya chini anasikiza madai ya hadi shilingi milioni 5. Palipo na Mahakama ya Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021 chini ya sheria ya 2016, dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa huko. Mtu hujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Tangu Machi 2024 kesi huwasilishwa kwa mtandao kote nchini. Asiye na kompyuta huenda saiba au huuliza msaada kwenye masjala. Asiye na uwezo wa ada anaweza kuomba ruhusa ya kushtaki bila kulipa, lakini itabidi aonyeshe hali yake.

Hapa kuna habari njema kwa wanaodai watu wasioshika simu. Tangu mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2020, hati ya kuitwa mahakamani inaweza kufikishwa kwa barua pepe au kwa programu za kutuma ujumbe kwenye simu, kupitia nambari ambayo mdaiwa ameitumia karibuni. Mfanyabiashara wa Kitale hakuwa akijibu, ila alikuwa akibadilisha picha yake ya WhatsApp kila Jumapili. Alipata hati yake. Angeinyamazia, mama angeomba hukumu itolewe bila yeye kuwapo.

Alikuja. Kama wengi wanaofika mahakamani, hakutaka kupigana. Aliomba muda. Hapo ndipo mama alipopata nafasi ya pili ya kuandika makubaliano, na safari hii aliyaandika vizuri zaidi. Inafaa kukaa kidogo kwenye maandishi hayo, kwa kuwa mengi ya yanayotokea baada ya mtu kukosa kulipa yameamuliwa na sentensi mbili tatu zilizoandikwa siku ya kupatana.

Walikubaliana shilingi 98,000, yaani 92,000 za deni na 6,000 za gharama. Zitalipwa 14,000 kila tarehe 5 kwa miezi saba, kuanzia Septemba hadi Machi. Zitatumwa kwa M-Pesa kwenye nambari ya mama mwenyewe, na nambari hiyo iliandikwa. Kisha kukawa na kifungu ambacho karatasi ya chifu haikuwa nacho: mdaiwa akikosa awamu yoyote na siku 7 zikapita, deni lote lililobaki litatakiwa kwa mara moja, na mdai atakuwa huru kutekeleza hukumu bila kufungua kesi nyingine.

Kifungu hicho kina thamani gani? Bila hicho, mdaiwa akikosa awamu ya nne, kinachodaiwa siku hiyo ni 14,000 tu. Awamu ya tano haijafika tarehe yake, ya sita haijafika, ya saba haijafika. Mdai angelazimika kungoja kila tarehe 5 na kukimbilia mahakamani kila mwezi kwa ajili ya 14,000, huku nauli na ada zikimla.

Kuna wanaosamehe sehemu ya deni ili walipwe haraka. Ni jambo jema, na mara nyingi ni akili. Lakini msamaha uandikwe na sharti lake. Mtu anayedai 98,000 akakubali 80,000 kama zitalipwa kufikia tarehe fulani, aandike wazi kwamba tarehe ikipita deni linarudi kuwa 98,000. Asipoandika, mdaiwa atasema kwa haki kwamba deni ni 80,000, alipe kwa wakati asilipe. Kwa upande mwingine, kuandika kwamba mdaiwa akichelewa siku moja atalipa mara tatu ni kujichimbia shimo. Mahakama huyatazama kwa jicho kali masharti ya kumkomoa mtu yasiyolingana na hasara.

Hakimu aliyasoma makubaliano, akawauliza wote wawili kama wanaelewa, akayaandika kuwa hukumu. Faili ikawa na nambari.

Septemba alilipa. Oktoba alilipa. Novemba alilipa. Jumla ikawa 42,000, na zikabaki 56,000. Tarehe 5 Desemba ikapita, tarehe 12 ikapita. Mwaka mzima ulikuwa umekwisha tangu lile lori lipakiwe, na Januari ya karo ilikuwa inakaribia tena.

Safari hii mama hakurudi kwa chifu, wala hakufungua kesi mpya. Alikwenda masjala kuomba utekelezaji wa hukumu. Alibeba nakala ya hukumu na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ndiyo kesi yenyewe: tarehe, kiasi, nambari ya muamala wa M-Pesa, na kilichobaki baada ya kila malipo. Anayeomba utekelezaji lazima aieleze mahakama ni kiasi gani kimelipwa. Kuficha hata awamu moja kunaweza kuangusha ombi zima na kumfanya mwenye haki aonekane mwongo. Taarifa ya M-Pesa hukubalika kama ushahidi wa kielektroniki ikiambatana na hati ya uthibitisho inayotakiwa na Sheria ya Ushahidi.

Matatizo huanza pale pesa zinapotumwa kwa simu ya mke, ya shemeji, au kupelekwa taslimu na mtu wa bodaboda. Mdaiwa anasema alilipa, mdai anasema hakuona. Kanuni zina dawa yake, na ni wachache wanaoitumia. Agizo la 22 linamtaka mwenye hukumu kuijulisha mahakama kila anapolipwa nje ya mahakama ili malipo yaandikwe kwenye faili. Asipofanya hivyo, mdaiwa mwenyewe anaweza kwenda kuomba malipo yake yatambuliwe. Mdaiwa anayelipa kwa uaminifu na hana rekodi kwenye faili anakaa vibaya siku dalali anapobisha hodi.

Sasa, hukumu hutekelezwa kwa njia gani? Zipo kadhaa, na kuchagua ni kazi ya mdai. Mahakama haitamtafutia mali ya mdaiwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi: huyu mtu ana nini, na kiko wapi?

Kama kuna mtu mwingine anayemdaiwa pesa mdaiwa, tuseme benki yenye akaunti yake au kinu cha unga ambacho hakijamlipia mahindi aliyopeleka, Agizo la 23 linaruhusu mahakama kuagiza pesa hizo zizuiliwe na zilipwe moja kwa moja kwa mdai. Ni njia safi, haina makelele ya kubeba makochi, lakini mdai lazima ajue pesa ziko wapi. Kwa mwenye mshahara, sehemu yake inaweza kukatwa na mwajiri. Shamba na nyumba pia huweza kuuzwa, lakini hiyo ni safari ndefu. Kanuni za Madalali za 1997 zinataka notisi ya siku 45 kwa mali isiyohamishika, na kwa deni la 56,000 gharama zake zinaweza kukaribia deni lenyewe.

Njia iliyozoeleka ni mali inayohamishika. Kwa kuwa mfanyabiashara na mali yake wako Trans Nzoia, mahakama ya Sirisia ina uwezo wa kupeleka hukumu yake kwa mahakama ya Kitale ili itekelezwe huko. Kaunti kuwa mbili hakumfichi mdaiwa. Dalali mwenye leseni hufika kwanza na kuorodhesha mali, na kutoa notisi ya siku 7. Katika siku hizo mdaiwa anaweza kulipa na kuokoa vitu vyake. Dalali anayefika siku ya kwanza na kuanza kubeba, bila waranti wala orodha, aulizwe maswali.

Kuna vitu visivyoguswa. Kifungu cha 44 cha Sura ya 21 kinalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na ya familia yake. Kinalinda pia, hadi kiwango fulani cha thamani, zana za fundi na mifugo na vifaa vya mkulima. Sheria haitaki deni lilipwe kwa kuwalaza watoto sakafuni. Tena mali iwe ya mdaiwa kweli. Mtu mwingine akisema kitu kilichoorodheshwa ni chake, kanuni zinampa nafasi ya kuweka pingamizi, na mahakama itaamua kwa hati. Kwa mfanyabiashara wa Kitale, lori lile lile lililobeba mahindi lilionekana uani, lakini kitabu chake kilikuwa na jina la ndugu yake. Dalali aliliacha. Aliandika pikipiki, mizani, televisheni na seti ya makochi.

Kuna wanaouliza upesi zaidi habari ya jela. Watu wengi hudhani ndiyo njia ya kwanza. Sheria inaruhusu mdaiwa kufungwa jela ya madai, kwa muda usiozidi miezi 6, lakini masharti ni magumu. Kwanza huitwa aeleze kwa nini asifungwe. Mahakama lazima iridhike kwamba, kwa mfano, ana uwezo wa kulipa na anakataa, au anapanga kukimbia au kuficha mali. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua katika Mahakama Kuu kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni la mkataba kunapingana na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa ambao Kenya imeukubali. Mwaka 2013 Mahakama Kuu hiyo hiyo, katika kesi nyingine, ilisema njia hii haijaondolewa kwa mtu mwenye uwezo anayekaidi. Kwa hiyo asiyekuwa nacho na asiyetaka kutoa hawapimwi kwa mizani moja. Zaidi ya hayo, mdai ndiye hugharimia chakula cha mfungwa wake, na mtu akitoka jela deni bado lipo. Kwa anayehitaji karo Januari, kumlisha mdaiwa jela ni biashara ya ajabu.

Yafaa sasa kumgeukia mdaiwa, kwa kuwa katika mkutano wowote wa Sirisia wamo wa pande zote mbili, na wengine ni wadai Jumatatu na wadaiwa Jumanne.

Mdaiwa aliyeweka sahihi hukumu ya maafikiano hawezi kuamka siku moja na kusema ameghairi. Mahakama za Afrika Mashariki zimesema hivyo kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1952 katika kesi ya Hirani dhidi ya Kassam, ikasema tena katika kesi ya Brooke Bond Liebig ya Tanzania iliyoripotiwa 1975. Kesi ambayo mawakili wa Kenya huitaja zaidi ni Wasike dhidi ya Wamboko, iliyoripotiwa 1988, majina ambayo hayahitaji mkalimani upande huu wa nchi. Mahakama ya Rufani ilishikilia humo kwamba hukumu ya maafikiano ina nguvu ya mkataba, na hufutwa tu kwa sababu zinazoweza kufuta mkataba, kama ulaghai, kosa la pande zote au kudanganywa, au pale masharti yaliyowekwa hayakutimizwa. Kwamba bei ya mahindi imeshuka, au kwamba mtu alitia sahihi akiwa na haraka, hakuingii humo.

Lakini hajafungiwa mlango. Agizo la 21 linamruhusu kuiomba mahakama ibadilishe namna ya kulipa. Mdai akikubali ni rahisi. Asipokubali, mahakama inaweza kuruhusu awamu mpya ikiwa kuna sababu ya kutosha. Tofauti kubwa iko kwenye siku anayokwenda. Anayefika tarehe 3, kabla ya awamu kupita, akiwa na nusu ya pesa na karatasi ya hospitali, anasikizwa kwa namna moja. Anayefika siku ya mnada, baada ya miezi minne ya simu kuzimwa, anasikizwa kwa namna nyingine.

Kuhusu muda, mambo ni machache na ni mazito. Mkataba usio na hukumu, kama ile karatasi ya chifu, una miaka 6 ya kudaiwa mahakamani. Malipo ya sehemu ya deni, au maandishi ya kukiri deni, huanzisha hesabu upya, ndiyo maana ule ujumbe wa Mei wa "nitamalizia kesho" usifutwe kwenye simu. Hukumu ina miaka 12. Na mwenye hukumu akikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuomba utekelezaji, mdaiwa hupewa kwanza notisi ya kueleza kwa nini isitekelezwe. Kungoja kwa huruma kunaruhusiwa, ila kuwe kwa maandishi.

Onyo moja la pembeni kwa wanaopatana kulipana shamba badala ya pesa. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, uliotiwa sahihi na kushuhudiwa, na kwa ardhi ya kilimo ombi la idhini ya bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6. Bila idhini hiyo mapatano hayo huanguka. Migogoro ya ardhi ina mahakama zake, na ni mazungumzo ya siku nyingine.

Mfanyabiashara wa Kitale alipewa notisi yake ya siku 7 mwanzoni mwa Januari. Siku ya sita alituma shilingi 30,000 na kupiga simu mwenyewe, mara ya kwanza tangu Mei. Alitaka wamalizane kwa simu, dalali arudi nyumbani. Mama alishukuru kwa pesa, akakataa kumalizana kwa simu. Zilikuwa zimebaki 26,000, na dalali alikuwa na ada yake. Kwa kawaida ada hiyo ni ya mdaiwa, lakini asipopatikana au akikosa mali, dalali humgeukia aliyemtuma. Isipoandikwa, ugomvi wa tatu ungezaliwa pale pale.

Walikutana Sirisia kwenye masjala. Waliandika kwamba 30,000 zimepokelewa, kwamba 26,000 zitalipwa kabla ya tarehe 31, kwamba ada ya dalali ni juu ya mdaiwa, na kwamba mali iliyoorodheshwa haitaguswa hadi tarehe hiyo ipite. Maandishi yaliingia kwenye faili ile ile, kwa nambari ile ile, yakisubiri kuwekwa mbele ya hakimu. Karani alipiga muhuri nakala tatu: moja ya mama, moja ya mfanyabiashara, moja ikabaki mahakamani.